Chafya Niliyoibana Mbele ya Injinia

"Mnuse mdomo."

Mjomba ndiye aliyesema hivyo. Alikuwa anamwambia dada wa stoo, na mdomo wenyewe ulikuwa wangu.

Saa tatu asubuhi. Mafundi thelathini na wanne wamesimama kunizunguka. Mashine ya zege imezimwa ili kila mtu asikie vizuri. Mimi nimekaa chini kwenye mchanga, kofia yangu ngumu imebingirika mpaka kwenye rundo la kokoto, na dunia bado inazunguka kama feni iliyogoma kuzimwa.

Dada wa stoo akaniangalia. Mimi na yeye tunakula pamoja kila mchana, sahani moja, vijiko viwili.

Akainama. Akanusa.

Akainuka, akaanza kujipangusa mchanga magotini...

"Sema," Mjomba akamwambia.

"Kuna harufu ya spiriti."

Na ilikuwa kweli! Hapo ndipo palipouma. Asubuhi ile nilikuwa nimejifuta nyuma ya sikio kwa spiriti ili kutoa gundi ya plasta. Lakini nani alikuwa na muda wa kunisikiliza? Msichana ameanguka mara tatu ndani ya wiki mbili, anatembea ameshika ukuta, halafu ananuka spiriti. Hukumu ilishajiandika.

Mjomba akatikisa kichwa taratibu. Akasema damu ya baba yangu haijaenda mbali.

Baba yangu alikuwa mlevi. Alikufa akiwa mlevi, na hakuna mtu pale saiti ambaye hakujua.

Kisha Mjomba akatoa barua mfukoni. Imeshachapwa! Yaani iliandikwa kabla hata sijanuswa. Inasema nimekuwa nikija kazini nimelewa, niondolewe, aletwe mpimaji mwingine. Na chini yake kuna saini yake. Ile ile niliyoikuta kila muhula kwenye ripoti zangu za shule, maana yeye ndiye aliyekuwa anazisaini wakati baba amelala.

Hicho ndicho kilichonivunja. Saini ile.

Nikashika ngazi, nikajivuta juu, nikasimama. Kitabu changu cha fomu za vipimo kilikuwa kwapani.

"Sijalewa, Mjomba," nikasema. "Na mbao zenu zimeinama."

Wakacheka. Fundi mmoja akanishauri nilaze kichwa upande, zitanyooka zenyewe.

Nikaondoka nikiwa nimeshika ukuta.

Ngoja sasa niwarudishe nyuma, maana najua mmeshaanza kuuliza mbao gani, na spiriti ya nini.

Mimi ni mtu wa aibu. Sisemi hivyo kujipamba, ni ugonjwa kabisa. Chuoni mwalimu aliwahi kuniandika "hayupo" miezi miwili mfululizo nikiwa nimekaa mstari wa pili, kwa sababu nilikuwa naitikia jina langu kwa sauti ya kumwamsha mbu, si mtu.

Nilisomea ufundi wa majengo. Saiti kazi yangu ni kupima. Nguzo imesimama wima? Sakafu imelala sawa? Nikiridhika naweka saini kwenye fomu, na bila saini hiyo zege halimwagwi. Mafundi wananiita Milimita, kwa sababu siachi hata moja ipite. Jina hilo Mjomba ndiye aliyeliandika kwenye kofia yangu kwa rangi nyekundu, siku yangu ya kwanza kazini. Yeye ndiye msimamizi wa saiti. Ni ndugu pekee wa mama yangu, mdogo wake wa kumfuata.

Tangu utotoni sikio langu la kulia lilikuwa na tundu kwenye ngoma yake. Maji yakiingia kidogo tu, linatoa usaha wiki nzima. Mwaka huu nikasema basi. Nikaenda zahanati moja ya karibu. Daktari kijana, mchangamfu, akanieleza kwamba ni kitu kidogo sana: anachukua kipande chembamba cha nyama nyuma ya sikio, anakibandika kama kiraka kwenye tundu, kwisha. Dakika arobaini. Jioni nikalala kitandani kwangu.

Alinipa masharti. Nisibebe kizito. Nisipenge kamasi kwa nguvu. Na chafya ikija, niiachie mdomo wazi, nisiibane hata iweje.

Nikaitikia. Katika masharti yote, hilo la chafya nililiona ni la watoto.

Siku ya sita nikarudi kazini, ikaangukia siku ya injinia.

Injinia wetu huja kila Alhamisi. Ni mtu wa maneno machache, na akiongea hata koleo haligongi. Tulipanga mstari mbele yake, akawa anaeleza habari za mnara wa tangi. Mimi nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

Pua ikaanza kuwasha...

Nikaangalia kushoto. Nikaangalia kulia. Wanaume watupu, kimya, wanamsikiliza bosi. Nikawaza chafya yangu ikipasuka katikati ya sentensi yake, vichwa vyote vikageuka...

Aibu ikanishika.

Nikabana pua kwa vidole viwili, nikafunga mdomo, nikaimeza chafya yote.

Tap!

Kitu kilikatika ndani ya sikio. Kidogo tu, kama njiti ya kiberiti inavunjwa chumba cha pili. Hakikuuma. Nikajiambia si kitu.

Saa moja baadaye nilikuwa juu ya ngazi, nimepanda hatua nne, mikono imejaa vifaa. Mashine ya zege ikawashwa. Na ule mlio ulipoanza tu, ardhi ikaja juu na mbingu ikaenda chini. Sisemi kizunguzungu cha njaa. Nasema kana kwamba mtu ameikamata saiti nzima kama sufuria, akaizungusha.

Nikaanguka. Vifaa vikatawanyika kila upande. Mjomba akaja mbio, akaniinua, akanipangusa vumbi mgongoni, akasema pole mwanangu, utakuwa hujala.

Siku hiyo alikuwa bado Mjomba wangu.

Baada ya hapo sikuwa mzima tena. Sikio la kulia likawa linasikia kama lipo chini ya maji, huku mlio mwembamba kama wa birika ukilia ndani yake mchana kutwa. Kila mashine ikiwashwa nilitafuta kitu cha kushika. Nikikohoa, ukuta unatembea. Kuinama kufunga kamba za viatu ikawa ni safari ya kuaga watu kwanza.

Nilirudi zahanati mara mbili. Daktari akachungulia sikio, akafurahi. Kiraka kimeshika vizuri mno! Akamwita na nesi aje kuona kazi. Nilipomwambia habari ya kizunguzungu akaniambia ni wasiwasi, wasichana huwa hivyo baada ya upasuaji, nile vizuri, nipumzike.

Kila mtu alikitazama kiraka. Hakuna aliyetazama nyuma yake.

Sasa, mnara.

Tulikuwa tunajenga wodi ya wazazi. Pembeni yake mnara wa nguzo nne, na juu yake litakaa tangi la lita elfu kumi. Chini yake zimechorwa benchi za wajawazito, wakae kivulini kusubiri zamu. Nusu ya chini ya nguzo ilishamwagwa zege mwezi uliopita, imenyooka kabisa, niliipima mwenyewe. Sasa mafundi wakafunga mbao za nusu ya juu, zile zinazoshika zege mpaka likauke.

Mjomba akazipima kwa pimamaji yake.

Kwa wasioijua, pimamaji ni ile fimbo bapa ya chuma yenye vichupa vya maji, na ndani ya kila kichupa kuna kiputo cha hewa. Kiputo kikitulia katikati, kitu chako kimenyooka. Ile ya Mjomba ni ya njano, rangi imebaki pembeni tu. Jioni anaiviringisha kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Hakuna fundi anayethubutu kuikagua. Ni sawa na kumkagua yeye.

Kiputo kilitulia katikati. Akasema safi.

Mimi nikatazama juu... nikaona zimeinama.

Najua mnachosema. Hata wao walisema hivyo hivyo! Mtu ambaye anaona meza inatembea, ataona nini kimenyooka? Ndiyo maana sikuyaamini macho yangu. Nikachukua timazi, uzi wenye kipande kizito cha chuma mwishoni, nikauning'iniza. Uzi hauna sikio. Uzi haulewi.

Milimita ishirini na nne.

Nikapima tena. Ishirini na nne. Nguzo zote nne, upande mmoja, kama watu wanne wanaochungulia dirisha moja. Na kwa kuwa zimeinama pamoja, ukizitazama zote kwa mbali unaona zimepangana vizuri.

Nikampelekea Mjomba. Akasema ni upepo umesukuma uzi. Nikasema upepo hausukumi mara nne sawasawa. Akasema basi ni mkono wako, unatetemeka, kila mtu anauona. Akanisogezea kalamu.

"Saini hiyo fomu, mwanangu. Alhamisi tunamwaga."

Katika maisha yangu sijawahi kumkatalia mtu aliyenizidi umri. Hata konda akinirudishia chenji pungufu nasema asante.

"Sisaini, Mjomba."

Sikupaza sauti. Lakini nilisema.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne, nikaanguka mara ya tatu, na mdomo wangu ukanuswa.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa kwenye cherehani. Mjomba alishampigia simu. Mama hakuniuliza chochote. Alisimama, akanishika mashavu kwa mikono miwili, akaniambia nipumue.

Hata wewe, Mama?

Nikapumua. Machozi yananitoka, napumua.

Akafumba macho. Kisha akanusa nywele, akanusa shingo, akafika nyuma ya sikio, akatulia hapo.

"Nimemnusa baba yako miaka kumi na minane," akasema. "Hii si pombe. Hii ni dawa. Vaa viatu, tunaenda hospitali kubwa."

Siku ile nafasi ilikuwa imejaa, tukaambiwa turudi kesho alfajiri. Jumatano tukaingia kwa bingwa wa masikio. Alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Cha ajabu, hakukimbilia kuchungulia sikio. Alinisikiliza kwanza. Akaniuliza mlio ukoje, mashine ipi inanizungusha, na nini kilitokea muda mfupi kabla ya siku ya kwanza kuanguka.

Nikamwambia habari ya chafya. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Niliona haya.

Akaweka kalamu chini.

Akanisimamisha nitembee nimefumba macho. Nikaishia kwenye kabati upande wa kulia. Akabonyeza sikio taratibu kwa kidole, akamwita Mama. "Njoo uone macho ya mwanao."

Yalikuwa yanacheza. Yanaruka pembeni, yanarudi, yanaruka, na mimi sijayatuma!

Akanilaza kitandani, akakigeuza kichwa changu kushoto. Kimya. Dari imetulia. Akakigeuza kulia... dari ikakimbia kama imeitwa.

"Una haki ya kuanguka," akasema.

Ndipo akanieleza. Kwamba nyuma ya ngoma ya sikio kuna kidirisha kidogo, kimezibwa na ngozi nyembamba kuliko ya kitunguu. Nyuma ya kidirisha kuna maji, na ndani huko ndiko mwili unakojulia juu ni wapi na chini ni wapi. Chafya niliyoibana ilikosa pa kutokea, ikasukuma ndani. Kidirisha kikapata ufa, na maji yalikuwa yanavuja tone kwa tone. Kiraka cha zahanati kilikuwa kizuri kweli. Kilichovuja kilikuwa nyuma yake.

"Kwa hiyo pimamaji yangu imevuja," nikasema.

Akacheka, akasema amefundisha madaktari miaka mingi na hajawahi kupata maelezo mazuri kuliko hayo.

Lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nimeganda pale kitandani.

Pimamaji...

Bingwa alijuaje kwamba tatizo ni la upande wa kulia? Alinigeuza! Kitanda kilekile, kichwa kilekile, amegeuza tu. Na hivyo ndivyo inavyokaguliwa pimamaji. Ni somo la wiki ya kwanza chuoni. Unaiweka mahali, unasoma. Unaigeuza, mahali palepale, unasoma tena. Nzima inasema neno lilelile mara mbili. Mbovu inajikana.

Hakuna mtu aliyewahi kuigeuza pimamaji ya Mjomba.

Bingwa akapanga kunifungua sikio Ijumaa, azibe ule ufa. Mpaka hapo nilale, kichwa juu ya mito. Nikamwambia kesho nina safari moja. Akanitazama juu ya miwani. Nikamwambia kuhusu benchi za wajawazito.

Akavua miwani. Kisha akasema nisipande kitu, nisibebe, nisiinamie, nisikimbie. Na nisipige kelele, maana kelele nayo inasukuma.

Simu ikaingia ujumbe. Dada wa stoo. "Nisamehe. Zege ni kesho saa nne. Wamepata mpimaji mwingine, anakuja kusaini."

Alhamisi, saa nne kasorobo, nilikuwa getini nimeshikwa mkono na Mama.

Mlinzi akaniambia kwa huruma kwamba nimepigwa marufuku. Nikamwambia aandike kwenye kitabu chake kwamba nimeingia kwa nguvu. Akanitazama mwili wangu wote wa kilo arobaini na nane, akamtazama Mama, akafungua geti huku anauma mdomo asicheke.

Mashine ya zege ilikuwa inanguruma. Saiti nzima ikaanza kuzunguka. Injinia yuko pale, Mjomba yuko pale, na mpimaji mgeni ameshafungua kifuniko cha kalamu.

Nimekatazwa kupiga kelele. Na hata ningepiga, sauti yangu mnaijua.

Basi sikwenda kwao. Nilikwenda kwenye mashine. Hatua kumi na tano, kila hatua ardhi inanikwepa, Mama ananivuta kiwiko. Nikanyoosha mkono...

Nikabonyeza kitufe chekundu.

Kimya!

Mafundi thelathini na wanne wakageuka, na injinia akageuka nao. Vichwa vyote vikanitazama. Kile kitu nilichokiogopa mpaka nikameza chafya, ndicho hicho sasa, na nilikuwa nimekiita mwenyewe.

"Shikamoo, Mjomba," nikasema.

Akachelewa. Lakini ni mtu aliyelelewa.

"Marahaba."

"Naomba uweke pimamaji yako kwenye nguzo ya kwanza. Mimi sitaigusa."

"Pimamaji hii ilianza kazi mama yako hajaolewa."

"Najua. Naomba uiweke."

Alimtazama injinia. Injinia akasema kwa utulivu, weka. Mjomba akaifungua kutoka kwenye taulo, akaisimamisha kwenye mbao. Sote tukasogea. Kiputo kikayumba, kikaja katikati, kikatulia.

Mafundi wakapumua. Mmoja akaanza kuguna kicheko.

"Sasa igeuze," nikasema. "Ubavu wa kulia uje kushoto. Mahali palepale."

Mjomba akaitazama ile pimamaji. Naamini alijua wakati uleule, kwa sababu mkono wake ulianza kuwa mzito. Akaigeuza.

Kiputo kikakimbilia pembeni, kikagota kwenye ukuta wa kichupa, kikabaki hapo.

Hakuna aliyecheka.

Akaigeuza tena. Katikati. Akaigeuza. Pembeni. Akapangusa kioo kwa kidole gumba, kana kwamba ni vumbi. Pembeni.

Mpimaji mgeni akarudisha kifuniko cha kalamu yake. Injinia akaitisha timazi, akaisoma mwenyewe. Akasema namba kwa sauti: ishirini na nne.

Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa naliomba asiulize.

"Hii pimamaji imeanguka lini?"

Hapa, wapenzi wasomaji, kuna kitu nimewaficha tangu mwanzo.

Mnakumbuka ile siku ya kwanza kwenye ngazi? Niliwaambia mikono ilikuwa imejaa vifaa. Niliwaambia vifaa vilitawanyika. Sikuwaambia ni vifaa gani.

Mkono wa kulia nilikuwa nimeshika pimamaji ya njano. Mjomba ndiye aliyeniambia nimpandishie. Ilinitoka juu kabisa, ikatua kwa kona kwenye jiwe la msingi.

Sikio langu na pimamaji ya Mjomba viliharibika siku moja, kwa chafya moja.

Watu waliojua ni wawili tu pale. Ningekaa kimya ningetoka saiti ile nikiwa shujaa, na yeye mzembe. Barua yake ilishafika kwenye faili la injinia, naiona kona yake. Mtu aliyeninusisha mdomo mbele za watu! Nani angenilaumu?

"Niliiangusha mimi," nikasema. "Wiki mbili zilizopita, nikiwa kwenye ngazi. Sikio langu linavuja ndani, nina karatasi ya bingwa hapa. Nilipaswa kuiandika kuwa imeanguka. Sikuiandika, kwa sababu niliona aibu."

Niliinua kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote.

"Na nilikuwa sahihi kuhusu nguzo," nikaongeza. Maana hiyo nayo ilikuwa kweli, na sikutaka ipotee katikati ya msamaha.

Mjomba alikuwa bado ameishika pimamaji. Akamgeukia injinia.

"Mimi ndiye niliyeiokota," akasema. "Nikaifuta, nikaona kioo kizima, nikaendelea na kazi. Sikuigeuza. Miaka yote hii sijawahi kuigeuza."

Akaomba barua. Injinia akaitoa kwenye faili.

Mjomba akachomoa penseli ya useremala nyuma ya sikio lake, akaiweka barua juu ya mfuko wa saruji, na chini ya saini yake akaandika maneno mawili: Si kweli. Akasaini tena. Ile ile saini ya ripoti zangu.

"Ilikuwa rahisi kuamini umelewa," akaniambia taratibu, "kuliko kuamini hii inadanganya."

Sikumjibu. Sikuwa tayari, na sikujilazimisha. Mama ndiye aliyemjibu. Alisogea mpaka puani pake, akamwambia, mdogo wangu, siku nyingine ukitaka mwanangu anuswe, niite mimi ninayejua harufu yenyewe.

Dada wa stoo alikuja na kofia yangu. Alikuwa ameiokota kwenye kokoto siku ile, ameiosha. Akanikabidhi. Niliivaa.

Zege halikumwagwa siku hiyo.

Ijumaa bingwa alifungua sikio, akaukuta ule ufa na tone la maji limekaa juu yake, linang'aa. Akauziba. Nililala wiki tatu nimeegemea mito, naogopa hata kucheka. Kizunguzungu kikapungua, kikaisha. Usikivu wa sikio la kulia ulirudi nusu tu, na ile birika bado inalia humo ndani kwa mbali. Sitawadanganya kwamba kila kitu kilirudi. Laiti ningesikilizwa siku za mwanzo, pengine kingerudi. Zahanati nilirudi kwa miguu yangu, nikamweka yule daktari kijana kitako, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Alichukua karatasi akaandika. Nilifurahi kuona anaandika.

Mnara umesimama. Nguzo zote nne nilizipima upya, nikasaini mwenyewe. Benchi zipo chini yake, na juzi nilikuta mama mmoja amesinzia hapo, mkono juu ya tumbo, kivuli kimemfunika vizuri.

Kama umesoma mpaka hapa, chukua haya mawili. Ukifanyiwa kitu chochote sikioni, hata kiwe kidogo vipi, halafu ukasikia dunia inazunguka au sauti zinafifia, rudi hospitali siku hiyohiyo, na wakikuambia ni wasiwasi, nenda kwingine. Na kabla hujamwambia mtu ameinama, geuza kwanza kipimo unachomtazamia.

Alhamisi iliyopita tulikuwa na kikao. Mstari uleule, injinia hatua mbili mbele yangu, anaeleza habari za paa. Mjomba amesimama kushoto kwangu, pimamaji mpya mkononi. Siku hizi anaigeuza kila asubuhi kabla ya kunywa chai, na ananiita nishuhudie.

Pua ikaanza kuwasha.

Nikaangalia kushoto. Nikaangalia kulia. Wanaume watupu, kimya.

Nikafungua mdomo wote... nikapiga chafya mpaka njiwa wakaruka juu ya wodi!

Injinia akakatizwa katikati ya sentensi. Vichwa thelathini na vitano vikageuka.

Mjomba akatoa leso, akanipa.

"Endelea, Injinia," akasema. "Amemaliza."

"Bado," nikasema.

Nikapiga ya pili.